Nusu Kidonge

Walimsifu.
Majirani wa Chavakali walioniletea kuni na uji
walisema, Kageha, umebarikiwa, mtoto halii,
analala kama mgeni mwenye adabu.
Nami nikajivuna kimoyomoyo,
nikamfunika Imali shuka, nikaenda kupalilia mrenda.

Wiki ya tano macho yake yalikuwa bado ya njano.
Mwanike juani, wakasema. Nikamwanika.
Kitovu kikafura, andazi kwenye mafuta.
Ulimi ukachungulia nje ya midomo
kama mtu aliyetaka kuuliza jambo akalisahau.
Choo, siku ya nne. Na alipolia, kwa nadra,
ilikuwa sauti ya mlango wa zizi.

Sista Mideva wa zahanati hakusema kitu.
Alimpapasa utosi, akaurudia,
akaniandikia barua ya Kisumu.

Hospitali ile watu huiita Rasha.
Walimtoboa kisigino. Tone la kwanza, la pili;
hata damu ilikuja polepole, bila haraka, yeye mtupu.
Baada ya siku tatu daktari alichora kipepeo karatasini:
tezi hii hukaa shingoni, mama. Mwanao hakuumbwa nayo.
Akataja jina la ugonjwa, likanipita juu.
Nilichoshika ni kwamba kipepeo hayupo,
na kwamba ubongo hausubiri,
na kwamba dawa ipo, ya kila siku, ya maisha.
Nikauliza, ni kitu nilichokula?
Hapana.
Nikauliza tena, maana nyumbani ningeulizwa mara ya tatu.

Nusu kidonge.
Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kunyonya.
Wembe safi. Vijiko viwili, kimoja mgongoni mwa kingine.
Unga haba kuliko vumbi la bawa la nondo,
matone ya maziwa yangu, halafu shavuni, taratibu, asiteme.
Usiitie kwenye chupa:
akibakisha, umempa nusu ya nusu.

Lakini anayesaga si mimi.
Ni Asava, shemeji yangu, miaka thelathini na minne,
anayenifika begani,
ambaye shule ilimwacha darasa la pili
na kijiji kikampa majina nisiyoyaandika.
Siku niliporudi na karatasi ya kipepeo
nilimsomea mama mkwe: halii, ulimi, kitovu, manjano.
Akautua ungo chini.
"Asava naye hakulia," akasema.
"Nilimshukuru Mungu miezi mitatu mizima."
Hatukuzungumza tena mpaka maharagwe yakaungua.

Asava sasa ana chake, kidonge kizima.
Daktari alisema hakitarudisha yaliyokwisha kwenda.
Mwezi wa pili alivua sweta
aliyoivaa Januari na Agosti tangu nimjue,
akatushikisha viganja vyake mmoja mmoja:
"Gusa. Moto."
Alfajiri huwa ameshaamka kabla ya jogoo wetu mvivu.
Hunywa chake kwanza, kwa maji, akimwangalia Imali,
ndipo achukue vijiko.
Hapotezi hata chembe. Nimechunguza.

Usiku mmoja, wiki ya tatu ya dawa, saa nane,
mvua inapiga mabati,
Imali alilia.
Si kile kimlango. Kilio chenye kucha,
cha mtu aliyedhulumiwa na sasa amegundua.
Mbwa wa kina Vugutsa wakamjibu.
Mama mkwe akaja na taa, Asava akaja bila viatu,
tukasimama watatu juu ya kitanda
na kwa muda mrefu, aibu kusema,
hakuna aliyembembeleza.

Leo ni Jumanne.
Chupa ina vidonge tisa.
Duka la dawa hapa Chavakali limeishiwa, wanasema labda Ijumaa.
Labda si dawa.
Nimemwambia Asava aangalie mtoto, aangalie uji;
naenda Luanda, na Luanda wakikosa,
Kisumu si mbali.